Maswali ya Maarifa ya Jumla Darasani: Mifano kutoka Kilwa na Pwani ya Lindi

Ye yote aliyepata kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za pwani yetu amekwisha kukiona kile kipindi cha mwisho wa juma ambacho wanafunzi hukiita chemsha bongo. Darasa hugawanywa pande mbili, mwalimu hushika karatasi yake, na maswali huanza kumiminika. Mto gani ni mrefu kuliko yote katika Afrika? Maji huchemka yafikapo nyuzi ngapi? Nani alijenga safina? Wareno walifika Kilwa mwaka gani? Alama huandikwa ubaoni, makofi hupigwa, na kengele ikilia kila mtoto hurudi kwao amechangamka kuliko alivyochangamka juma zima.

Baadhi ya wakufunzi wenzangu hukidharau kipindi hiki. Huona kuwa ni mchezo wa kujazia nafasi, na kwamba maswali ya neno moja ndiyo kasumba ile ile ya kukariri ambayo Elimu ya Kujitegemea ilikusudia kuing'oa tangu mwaka 1967. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa kipindi ambacho watoto 80 hukisubiri kwa hamu si kitu cha kutupwa na mwalimu asiyekuwa na vitabu vya kutosha. Hata hivyo sikubaliani pia na wale wanaokiendesha kama mnada. Makala hii inakusudia kueleza jinsi maswali hayo yanavyoweza kutungwa na kuulizwa hata yakafundisha, na mifano yake nimeitoa Kilwa na Lindi, kwa sababu mtoto wa hapa hapaswi kufahamu mito ya Ulaya kabla hajaulizwa juu ya bahari anayoogelea.

Kwanza tukumbuke kuwa mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Bibi zetu walituketisha jioni wakasema "Kitendawili", nasi tukaitika "Tega". Tuliposhindwa tulidaiwa mji, tukatoa Lindi au Unguja au Bagamoyo, na mtegaji akaeleza jinsi alivyokwenda katika mji huo akala na kunywa, kisha akafumbua. Katika desturi hiyo kuna mambo mawili ya kuigwa na mwalimu. Moja ni kwamba kushindwa hakukuwa aibu. Kulikuwa na malipo yake yaliyojulikana, nayo yalikuwa ya kuchekesha. La pili ni kwamba aliyetega alikuwa na deni la kufumbua, na fumbuzi lisiloridhisha lilibishiwa pale pale. Mwalimu wa chemsha bongo aghalabu hulisahau deni hili. Husema "umekosa, kaa", akapita kwenye swali la pili.

Ubaya wa jambo hilo niliushuhudia mwaka mmoja nilipokaa nyuma ya darasa la sita, katika shule iliyo karibu sana na bahari, mwanachuo mmoja akiendesha mashindano. Aliuliza: maji ya bahari hujaa mara ngapi kwa siku? Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, akasimama akajibu, "Mara mbili, Mwalimu, lakini iko siku hujaa mara moja." Darasa likacheka. Mwanachuo akatazama karatasi yake, ambayo iliandikwa mara mbili basi, akatoa alama kwa upande wa pili. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena mpaka kipindi kikaisha.

Sasa na tulichunguze jibu lake. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, lakini katika muda huo mwezi nao huwa umesogea mbele katika njia yake. Kwa hiyo mahali po pote duniani huhitaji kama saa 24 na dakika 50 ili parudi kuelekeana na mwezi kama jana yake. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili katika muda huo, maana yake ni kwamba kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Chukua basi siku ambayo maji yamejaa saa sita kamili ya mchana. Mara ya nyuma yalijaa saa tano na dakika 35 usiku, kabla siku hiyo haijaanza kwa hesabu ya saa za serikali. Na yatajaa tena saa sita na dakika 25 usiku, siku ikiwa imekwisha. Siku hiyo yamejaa mara moja tu. Atakayehesabu siku kwa desturi ya wazee, yaani tangu jua kuchwa hadi jua kuchwa, ataipata hali hiyo hiyo, ila itaangukia siku ambayo maji hujaa alfajiri jua linapotaka kuchomoza. Kwa vyo vyote hutokea kama mara moja katika kila nusu ya mwezi. Mtoto wa mvuvi alisema kweli, na karatasi ndiyo iliyokosa.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha hasara yenyewe. Si alama moja iliyopotea. Mtoto alikuja na elimu ya kwao, iliyopatikana kwa kuamka usiku na kusukuma mtumbwi, akaambiwa mbele ya wenzake kuwa si elimu. Na wale wengine 70 na zaidi waliocheka walifundishwa kosa. Kama mwanachuo angaliuliza neno moja tu, "Umejuaje?", somo la sayansi la juma zima lingalifunguka pale pale: kwa nini wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, kwa nini katika siku za maji mafu tofauti ni ndogo, kwa nini kina mama wanaokwenda kutafuta pweza miambani hungoja bamvua, ambapo katika pwani hii maji hupwa kabisa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi. Watoto wangeweza kusimika mti wenye alama ufukweni na kuandika kina cha maji kwa siku 15. Shule za bara, kama zile za Liwale na Nachingwea, hazina ufuko, lakini zina mwezi ule ule wa kutazamwa, na kuchelewa kwake kuchomoza kila siku kunaweza kupimwa kwa saa ya mkononi.

Swali la jibu fupi basi si baya kwa ufupi wake. Huwa baya likiwa halina kitu nyuma yake, au likiwa na kitu ambacho mtungaji hakukijua.

Tuje kwenye historia, ambako maswali mabovu ni mengi zaidi. Swali la kwamba Wareno walifika Kilwa mwaka gani lina majibu zaidi ya moja yaliyo sahihi. Pedro Álvares Cabral alifika mwaka 1500. Vasco da Gama, aliyepita bila kutia nanga hapo katika safari yake ya kwanza, alikuja mwaka 1502 akamlazimisha mtawala Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Francisco de Almeida aliuteka mji Julai 1505 akajenga ngome, na Wareno wakaondoka mwaka 1512. Mtoto atakayejibu 1500 na yule atakayejibu 1505 wote wamesoma; mwenye hatia ni aliyeuliza "walifika" huku akitaka "waliuteka". Namshauri mwanachuo alisome kila swali lake kama mpinzani, akitafuta jibu la pili ambalo ni la kweli. Akilipata, alibadilishe swali.

Neno Kilwa lenyewe ni mtego. Kuna Kilwa Kisiwani, mji wa masultani uliostawi hasa kati ya karne ya 13 na ya 15. Kuna Kilwa Kivinje, mji wa misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Na kuna Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Nimewasikia wanafunzi wa darasa la saba, wazaliwa wa wilaya hiyo hiyo, wakisema kwamba Majengo ya Kale yaliyoandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 yako Kivinje. Yaliyoandikwa ni magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara. Kivinje ina magofu yake ya kusikitisha, lakini ni habari nyingine.

Napendelea sana maswali yaliyofungamana kama mnyororo, ambapo jibu la kwanza huwa mlango wa la pili. Anza na hili: msafiri gani wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331? Watoto wengi watajibu Ibn Battuta. Uliza: nani alikuwa akitawala? Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Uliza tena: msafiri huyo alitoka Mogadishu na Mombasa akashuka kusini, kisha akarejea kaskazini hadi Dhofar, alikuja na upepo gani na kurudi na upepo gani? Hapa kitabu hakisaidii, na mtoto wa nahodha humpita mtoto wa karani. Alikuja na kaskazi, ambayo huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, akarudi na kusi, inayoshika tangu Aprili. Sasa swali kubwa linaweza kuulizwa: kwa nini mji tajiri ulikua Kilwa na si mbali zaidi kusini, karibu na dhahabu yenyewe ya Sofala? Kwa sababu chombo kutoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja, na kusonga mbele mpaka Sofala kulihatarisha kukosa upepo wa kurudia. Mfanyabiashara wa Kilwa akawa mtu wa katikati, dhahabu ikipita mikononi mwake. Jiografia imeieleza historia, na mwalimu hakuhutubia hata dakika moja.

Msikiti Mkuu wa Kisiwani nao hufaa kwa sayansi kuliko inavyodhaniwa. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na iliongezwa baadaye. Kuuliza ulijengwa lini ni kupoteza nafasi. Uliza ulijengwa kwa nini na nini. Mawe ni matumbawe ya baharini. Kiungo chake ni chokaa, iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya magogo. Tumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Likichomwa hutoa hewa ya kabonidioksaidi na kubaki chokaa kali, likimwagiwa maji hulainika, na likiisha pakwa ukutani huivuta tena hewa ile polepole na kurudi kuwa jiwe. Katika vijiji vingi vya pwani tanuri ya chokaa ni kitu ambacho watoto wamekiona kwa macho. Na kuhusu Gereza, lile boma lililo ufukoni, tahadhari moja: mtoto akijibu kuwa lilijengwa na Wareno asipewe alama yote wala asinyimwe yote, kwani sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni kazi ya Waomani wa karne ya 19, ingawa mahali hapo palikuwa na ngome ya Wareno.

Kwa wanaopenda maajabu, ipo habari ya sarafu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na tano kati yake zikatambuliwa baadaye kuwa ni sarafu za shaba za Kilwa. Jinsi zilivyofika huko bado ni suala la mjadala, na kwa sababu hiyo hasa ni swali zuri: mpe kila kundi dakika kumi litunge njia iwezekanayo, nawe utoe alama kwa hoja.

Vita vya Majimaji vinahitaji uangalifu wa pekee. Swali la kawaida ni, "Nani aliongoza Vita vya Majimaji?", na jibu la karatasi ni "Kinjeketile". Jibu hilo lina kasoro mbili. Jina la mganga wa Ngarambe lilikuwa Kinjikitile Ngwale. Kinjeketile ni jina la tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969, na wahusika wa tamthilia huumbwa na mwandishi hata wanapoazima majina ya watu waliopata kuishi. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baadaye. Vita vikaendelea hadi 1907, vikaenea mpaka Ungoni na kwingineko, vikiwa na viongozi wengi. Mtu aliyekwisha kunyongwa hawezi kuongoza mapigano ya miaka miwili. Swali sahihi ni, "Nani alieneza habari za maji?", au, "Kwa nini vita viliendelea baada ya Kinjikitile kuuawa?"

Na lipo swali ambalo wanachuo wengi hulipenda kwa sababu jibu lake ni tarakimu: watu wangapi walikufa? Taarifa ya Wajerumani ilitaja 75,000; wanahistoria waliofuata walikadiria zaidi sana, hata kufikia 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Nisingependa swali hili liulizwe kwa kengele na kubao cha alama. Katika vijiji vya Matumbi unawauliza wajukuu na vitukuu vya waliokufa. Lakini likiulizwa kwa utulivu, pamoja na swali la pili la nani aliyehesabu na kwa nini hesabu zimetofautiana, hakuna mfano bora wa kufundishia namna habari za kale zinavyopatikana. Mwanafunzi na atumwe kwa wazee wa kwao. Si lazima alete tarakimu. Akileta jina la kijiji kilichohama au la mzizi uliokuwa ukiliwa wakati wa njaa, amefanya kazi ya mwanahistoria.

Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kinatupa nafasi ya kutengua kosa lililozoeleka. Swali husema: mjusi mkubwa wa Tendaguru alipelekwa nchi gani? Jibu ni Ujerumani. Mifupa yake imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, nayo ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lakini hakuwa mjusi. Alikuwa dinosaria, mnyama wa kama miaka milioni 150 iliyopita, na katika ukoo wa viumbe ndege wanamkaribia zaidi kuliko mijusi wa ukutani. Tuliite jina la mazoea likitubidi, ila mtoto aelezwe. Tena, "Nani aligundua mifupa?" Vitabu humtaja mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler, aliyetoa taarifa mwaka 1906. Wenyeji walikuwa wakiiona mifupa hiyo mashambani mwao siku zote. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua wa Kiafrika waliichimba chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zikachukuliwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Swali litakalomtaja Boheti lina haki zaidi ya kuulizwa Lindi kuliko lile la Sattler. Baada ya hapo watoto watoke nje, wapime mita 13 kwa kamba katika uwanja, na walinganishe kamba hiyo na mnazi ulio karibu.

Samaki anayeitwa silakanti afuate katika kipindi hicho hicho. Wataalamu walidhani alikwisha toweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alinaswa wa kwanza kujulikana katika maji ya Tanzania, na mahali penyewe ni karibu na Songo Mnara. Ukitaka kuongeza la jirani, uliza gesi asilia ya Songo Songo iligunduliwa lini: 1974, lakini haikuanza kutumika kibiashara hadi 2004. Miaka 30 hiyo katikati ni swali jingine.

Nimebakiza Biblia, ambayo walimu wengine huiogopa na wengine huitumia bila kufikiri. Madarasa ya Kilwa yana Waislamu wengi na Wakristo wachache. Swali lisilotaja kitabu chake humfanya mtoto mmoja ajione mgeni na mwingine ajione amehukumiwa. Kanuni ninayowapa wanachuo ni nyepesi: sema "kwa mujibu wa kitabu cha Mwanzo", au "kwa mujibu wa Kurani", na uchague mara kwa mara wale wanaojulikana pande zote mbili, kama Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa na Sulemani. Kutaja kitabu si adabu tu, ni usahihi. Chukua dhahabu ambayo merikebu za Sulemani zilileta kutoka Ofiri. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 9, kinasema talanta 420. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 8, kinasema talanta 450. Asiyetaja kitabu atamnyima alama mtoto aliyesoma. Vivyo hivyo wanyama wa safina: Mwanzo sura ya 6 yasema wawili wawili, na sura ya 7 yaongeza kuwa walio safi waingizwe saba saba. Swali la hila, la kuuliza Musa aliingiza wanyama wangapi katika safina, mimi silitaki kabisa. Halipimi cho chote isipokuwa usingizi wa saa nane mchana.

Ofiri hiyo inaturudisha Kilwa. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walidhani kuwa Ofiri ni Sofala, hata mshairi Mwingereza John Milton akaitaja Kilwa na Sofala katika utenzi wake maarufu wa Paradise Lost wa mwaka 1667. Mahali pa Ofiri hapajathibitishwa hadi leo. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuipima dhana hiyo mwenyewe kwa hesabu ya miaka: Sulemani alitawala katika karne ya 10 kabla ya Kristo, nayo dhahabu ya Sofala iliitajirisha Kilwa tangu karne ya 12 na ya 13 baada ya Kristo. Katikati ipo zaidi ya miaka 2,000. Na Yona, au Nabii Yunus kwa Waislamu, alimezwa na nini? Kitabu cha Yona chasema samaki mkubwa. Watoto hujibu nyangumi, na hapo mwalimu wa sayansi aulize kama nyangumi ni samaki. Wavuvi wa pwani hii huwaona nyangumi kati ya Julai na Novemba wakipanda juu kuvuta pumzi, na wapo watakaosema wamewaona pamoja na watoto wao. Kiumbe anayevuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha hawezi kutiwa katika kundi la samaki.

Kuhusu uendeshaji sina mengi. Makundi ya watoto sita hadi wanane ni bora kuliko pande mbili, kwa maana katika pande mbili hujibu wale wanne wenye sauti, na wasichana hukaa kimya hata wajuapo. Kila kundi liandike jibu katika karatasi na kulishika juu kwa ishara moja; hivyo hakuna wa kumwigiza mwenzake, wala wa kuchekwa peke yake. Jibu sahihi lipate alama moja, na maelezo ya "umejuaje" yapate mbili. Adhabu ya aina yo yote isiwepo; aliyeshindwa na atoe mji, kama zamani, na auonyeshe katika ramani ukutani. Kadi za maswali hukatwa kutokana na maboksi matupu ya dukani. Nyuma ya kila kadi liandikwe jibu pamoja na lilipotoka: kitabu na ukurasa, au "tumepima wenyewe ufukoni", au "mzee wa kijiji". Kadi isiyo na chimbuko haiingii mchezoni. Wanafunzi watunge theluthi moja ya maswali wao wenyewe, na mwalimu ajiandae kubishiwa.

Kipindi cha dakika 40 hutosha maswali manane ya namna hii, si thelathini. Mara nyingi moja litabaki bila jibu, au litakuwa na majibu mawili yanayopigania haki. Swali hilo lisifutwe. Liachwe katika pembe ya ubao hadi Jumatatu, na atakayeleta jibu kutoka nyumbani aandikiwe alama zake, hata kama kundi lake lilikwisha kushindwa.